Pengo, la Sivyo Doa

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye grupu la wazazi Jumatatu asubuhi, nami nikausoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu chenye masharti. Alhamisi ni siku ya picha kwa darasa la kwanza. Mtoto awe nadhifu. Soksi ziwe nyeupe. Wanja, hina na piko haviruhusiwi. Kila mtoto atapata picha moja kubwa na mbili ndogo.

Nilipofika kwenye hizo mbili ndogo nikaanza kugawa kichwani, nani apewe na nani asubiri mwaka ujao. La wanja nikalipita tu. Binti yangu ana miaka saba, hapakwi wanja mpaka Idi, na Idi ilikuwa imeshapita.

Mimi nauza viatu vya mtumba vya watoto, soko la Ngamiani. Ukifungua belo la viatu, unahesabu jozi kabla ya kulipa, halafu unahesabu tena baada ya kulipa, kwa sababu katikati hapo kiatu kimoja kinaweza kutembea chenyewe. Miaka kumi na mbili ya kazi hiyo ilinifanya niamini kwamba hakuna mtu wa kunishinda maneno. Hayo yalikuwa mawazo yangu kabla mama mkwe hajaja kukaa nasi Chumbageni.

Alikuwa ametoka kijijini kwake Mwera kuja kutazamwa macho. Hospitali walimpa dawa ya matone na tarehe ya kurudi, na baina ya matone na tarehe akawa mgeni wetu wa wiki tatu. Mama mkwe hana makuu. Anakula kinachopikwa, hasemi watu, na kila asubuhi mjukuu wake akimwamkia "Shikamoo bibi" anaitikia "Marahaba" ndefu yenye dua mbili ndani yake. Ila ana ukuta.

Ukuta wenyewe uko sebuleni kwake Mwera. Amepigilia misumari kumi na miwili, na kila mjukuu anayeingia darasa la kwanza anapigwa picha ya sare inayotundikwa hapo. Safari ya mwisho niliyokwenda nilihesabu picha kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Msumari wa mwisho, karibu na dirisha, ulikuwa mtupu, na binti yangu alikuwa amesimama chini yake shingo imenyooka. "Wangu ndio huu?" aliuliza. Akaambiwa ndio huo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiuliza kama msumari unaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo picha hii ilikuwa na kwao, na mimi sikutaka hasara. Ile ya mwaka jana, ya darasa la awali, alitoka amefumba macho, mtoto aliyelala wima. Mwaka huu macho yalikuwa salama ila meno ya mbele ya juu yalikuwa yameondoka, yote mawili. La kwanza lilitoka na kipande cha muhogo. La pili tulilitafuta siku mbili hatukuliona, na nina wasiwasi kwamba alilinywa na chai.

Jumatatu ileile nikaanza mazoezi mbele ya kioo cha kabati.

"Tabasamu kwa midomo. Usifungue."

"Hivi?"

"Hapo unaonekana kama umeficha pipi ya mtu. Legeza."

Akalegeza. Kufika Jumanne jioni alikuwa ameliweza, tabasamu dogo la kufunga, kama la mke wa mkuu wa wilaya. Nikamsifu. "Hapo sasa. Pengo halionekani kabisa. Ukifunga ndiyo unapendeza." Nilisema hivyo, kwa sauti, na mtoto akasikia.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani barazani akichambua choroko. Akauliza bila kuinua kichwa, "Wanja mnao, au nitoe wangu?"

"Wa nini, mama?"

"Wa picha."

"Mwalimu amekataza."

"Amekataza kupamba. Mimi simpambi. Mimi namharibu kidogo tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Picha zote kumi na moja za ukutani zina doa jeusi kwenye paji la uso, la ukubwa wa punje ya mtama. Kwetu pwani hiyo si habari. Mtoto mchanga akipendeza anapakwa doa la wanja ili jicho la husuda likimtazama liangukie pale kwanza, lishikwe na ubaya kabla halijaufikia uzuri. Mimi mwenyewe nina picha moja tu ya uchanga, na humo naonekana kama barua iliyopigwa muhuri. Lakini mtoto akishaanza kutembea, doa linaachwa.

"Huyu anatembea, mama," nikasema. "Anakimbia."

"Anayekimbia jicho linamkosa. Wa kwenye picha ametulia. Anatazamwa mwaka mzima na hawezi hata kugeuka."

Kisha akaleta ushahidi wake, ambao ni wifi yangu. Wifi yangu anauza chakula Horohoro, mpakani, na huwa anaongea na simu kana kwamba simu yenyewe haina kazi, sauti inatosha kufika. Sikio lake la kushoto halisikii. Mama mkwe anasema alipigwa picha ya darasa la kwanza bila doa, na wiki hiyohiyo sikio likaanza kutoa usaha. Wifi yangu anasema ni kuogelea mtoni. Lakini wajukuu wote kumi na mmoja walipakwa doa, na masikio ishirini na mawili yanasikia. Hesabu hiyo hata mimi nisingeweza kuibomoa.

Tatizo lilikuwa mwenye paji la uso. Binti yangu alikuwa ametoka na tabasamu lake la kufunga kuja kumwonyesha bibi, akasikia yote.

"Mimi si mtoto mchanga," akasema.

Idi iliyopita alipakwa doa kule Mwera, na binamu zake, ambao wenyewe wako ukutani na madoa yao, walimbembeleza kutwa nzima kwa nyimbo za kulaza watoto. Mmoja alimletea kijiko cha uji. Hakusahau.

"Nikipakwa, shule siendi."

"Asipopakwa," mama mkwe akaniambia mimi, kwa upole kabisa, "hiyo picha sitaichukua. Siwezi kumtundika mtoto wa watu hivihivi."

"Na msumari wangu?" mtoto akauliza.

"Utakusubiri."

Macho ya mtoto yakajaa maji. Baba yake, ambaye ni mtoto wa mmoja na baba wa mwingine, alisema "Malizaneni," akachukua taulo akaenda kuoga. Alioga muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akioga.

Nikaingia kazini. Mtu akishikilia bei, humwambii ashuke, unamsogeza kidogo kidogo.

"Tuliweke pembeni, mama. Karibu na sikio."

"Pembeni kiasi gani?"

"Nyuma ya sikio."

"Chini ya ushungi? Mwanangu, chambo unakitia mfukoni halafu unangoja samaki?"

"Basi kiganjani. Anayejua atajua."

"Jicho baya linasoma viganja?"

"Unyayoni."

"Sawa. Mpigeni picha unyayo."

Sokoni, mteja asiposogea, unageuza mgongo unaondoka polepole, naye anakuita. Nikaondoka polepole kwenda jikoni. Nikakaa jikoni mpaka maharage yakaiva. Hakuna aliyeniita.

Jumatano mchana, nikirudi sokoni, nikawakuta wawili hao barazani wamekaa uso kwa uso. Mtoto alikuwa akiuliza maswali kwa sauti ambayo niliitambua, kwa sababu ni yangu.

"Bibi, doa lazima liwe la wanja?"

"Liwe baya tu."

"Liwe jeusi?"

"Jeusi ni bora."

"Halafu mtu akinitazama, aone hilo kabla ya mimi."

"Ehe."

Mtoto akafungua mdomo wote. "Hili je?"

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamsogeza karibu halafu mbali, maana macho yake bado yalikuwa ya matone. Hakuridhika na macho, akatumia kidole, akapima pengo upande hadi upande.

"Mawili?"

"Mawili," mtoto akajibu, kidole kikiwa ndani.

"Yamefuatana?"

"Yamefuatana."

Akafikiri. Nilisimama mlangoni na kapu langu nikimwona mtu aliyenishinda siku nzima akianza kulegea.

"Hili linafaa," akasema hatimaye. "Hili kalitia Mungu Mwenyewe. Lakini litaonekana lote, si nusu. Mdomo wazi. Picha ikitoka mdomo umefungwa, mimi siijui."

"Na macho yangu yakifumba?"

"Ya macho hayanihusu."

Nikaona niingie. "Lakini mama, atatoka vibaya."

Wote wawili wakanitazama.

"Ndiyo kazi yenyewe," mama mkwe akasema.

Mapatano yalikuwa hivi: pengo, la sivyo doa. Mtoto akishindwa kufungua mdomo mbele ya kamera, apakwe palepale shuleni, na wa kumpaka ni mimi. Nikakabidhiwa kichupa cha wanja na kijiti chake, vimefungwa kwenye leso. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali.

Alhamisi umeme ulikatika nikapiga sare pasi ya mkaa ya jirani, nikiipeperusha nje kwanza isije ikaacha cheche. Viatu vilitoka kwenye meza yangu, jozi niliyokuwa nimeificha wiki mbili wateja wasiione. Soksi mbili, nyeupe. Nikahesabu tena, mbili, na safari hii nikaona kwamba moja ina mstari wa buluu shingoni. Nikaikunja. Uso nikaupaka mafuta, halafu nikaufuta nusu yake, maana wapiga picha hulalamika kwamba watoto wetu wanang'aa. Ushungi mweupe, pini mbili chini ya kidevu. Muda wote huo mtoto alikuwa amefunga mdomo.

Njiani akaniuliza, "Mama, na wakinicheka?"

"Nani?"

"Wenzangu. Wakiona pengo."

"Hawatakucheka."

"Wewe ulisema nikifunga ndiyo napendeza."

Nikaangalia barabara. Palikuwa na pikipiki, baiskeli mbili na mtu mwenye tenga la kuku. Nikavihesabu.

Shuleni mpiga picha alikuwa ametandaza kitambaa cha buluu kwenye ukuta wa darasa, amekibana juu kwa vibanio vya nguo. Mbele yake kiti, meza ndogo, chupa yenye maua ya plastiki, daftari moja na kalamu moja. Kila mtoto alikaa, akaishika kalamu ileile juu ya daftari lilelile kana kwamba anaandika, akatazama mbele. Mwalimu wa darasa ni mama wa Lushoto, Mlutheri, anavaa sweta hata Februari. Alikuwa amesimama na orodha akiita. Wazazi wachache tulikaa kwenye ngazi za baraza. Kichupa kilikuwa kwenye pochi yangu na nilihisi kila mtu anakiona.

"Funga mdomo," mpiga picha akamwambia wa kwanza. Kijana mpole tu, mwenye jasho. "Picha ya shule haichekwi. Wa pili. Funga mdomo."

Nikaangalia foleni. Binti yangu alikuwa wa tisa. Alisikia, kwa sababu aligeuka akanitafuta, na akaitafuta pochi.

Hesabu zangu zilikuwa nyepesi. Akifunga mdomo, itabidi nisimame mbele ya darasa zima na kijiti cha wanja nimbandike doa la uchanga pajini. Nisipombandika, msumari unabaki mtupu. Nikaanza kupanga nitakavyomsogeza mpiga picha, nianzie wapi, nimsifie kamera au nimletee maji. Na kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono, nikahesabu watoto wote wa darasa. Arobaini na nne. Halafu nikahesabu mapengo.

Ishirini na saba. Nikarudia nikapata ishirini na nane, maana mmoja alikuwa akilisukuma lake kwa ulimi tangu mwanzo, na likatoka palepale, akamkabidhi mwalimu. Mwalimu akalitia mfuko wa sweta bila kukatisha orodha. Walikuwa wakionyeshana. Yupo aliyeweza kupitisha kalamu bila kufungua meno. Yupo aliyewapigia wenzake mbinja kwa tundu, na wenzake wakamtazama kwa wivu wa wazi. Katika watoto wote wale, mmoja tu alikuwa amefunga mdomo wake na kuukaza, na huyo ndiye aliyefundishwa mbele ya kioo changu.

Likaitwa jina lake. Nikanyanyuka nusu. Akakaa, akashika kalamu.

"Funga mdomo, mdogo wangu," mpiga picha akasema.

"Siwezi. Nimeshaahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Bibi. Anasubiri pengo."

Mpiga picha akaishusha kamera. "Pengo litatokea jeusi. Kama shimo."

"Lote?"

"Lote."

"Basi sawa."

Mpiga picha akamgeukia mwalimu kuomba msaada. Mwalimu hakuinua macho kwenye orodha. "Kwetu mtoto anapigwa picha na sweta, baridi isimwingie," akasema. "Kila mtu na kinga yake. Mpige, nina watoto thelathini na tano wanasubiri."

Binti yangu akanitazama. Sikujua nifanye nini, nikafungua mdomo wangu mimi, wote, na upande wa kushoto kuna pengo la gego nililong'oa mwaka juzi ambalo sijapata kumwonyesha mtu. Akaliona. Akacheka. Si tabasamu, ni kile kicheko chake cha tumboni, mdomo wazi mpaka kilimi, na hapo hapo kamera ikalia.

Wa kumi, yule wa mbinja, akakaa kitini na kusema naye anataka ya kufungua. Wa kumi na moja vilevile. Kufika wa kumi na tano mpiga picha aliacha kusema.

Picha zilitoka wiki iliyofuata. Nikaitoa kwenye bahasha nikiwa bado getini, nikaitazama, nikaitazama tena. Mdomo ulikuwa wazi kama mlango wa duka. Pengo lilikuwa jeusi, pana, katikati kabisa. Soksi ya mstari ilikuwa imekunjuka. Na macho yalikuwa yamefumba yote mawili, kwa kicheko.

Nyumbani mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani. Mjukuu alisimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Macho yamefumba," mama mkwe akasema.

"Ulisema hayakuhusu."

"Hayanihusu. Hii nini mguuni?"

"Mstari," nikasema. "Soksi za mtumba, mama."

Aliendelea kuitazama, karibu, mbali, karibu. Mabega yakaanza kumtikisika, na nikachukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Hapa hasidi atachoka," akasema. "Hajui aanzie wapi." Akaifunga kwenye kanga, na siku yake ya kurudi Mwera ilipofika aliipakata mwenyewe. Kichupa cha wanja akakidai, nikamrudishia kikiwa hakijafunguliwa, nikijisifu kimoyomoyo kwamba biashara imeisha bila upande wowote kupunjwa.

Likizo ya Desemba tulikwenda. Binti yangu alivitupa viatu mlangoni na kukimbilia sebuleni. Misumari kumi na miwili, picha kumi na mbili. Yake ilikuwa karibu na dirisha, kwenye fremu ya kioo. Alisimama chini yake, shingo haikuhitaji tena kunyooka sana, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Nimetoka vibaya kweli," kwa fahari.

Nami nikasogea. Kwenye kioo cha fremu, juu kidogo ya paji la uso wake, palikuwa na kitu cheusi cha ukubwa wa punje ya mtama. Nikadhani ni inzi. Nikashika ncha ya mtandio nikifute.

"Acha hapo," mama mkwe akasema nyuma yangu.

Nikaacha. Kidole kilikuwa kimeshakigusa, nikakinusa. Wanja.

"Mama, si tulipatana? Pengo, la sivyo doa."

"Tulipatana. Sikumpaka mtoto, nimepaka kioo."

"Lakini pengo lipo. Hili hapa."

"La kwenye picha lipo." Akamwita mjukuu wake, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Macho yake sasa yalikuwa safi, hakuhitaji kidole. "Cheka."

Mtoto akacheka. Meno mawili mapya yalikuwa yameota, makubwa kuliko uso, yamepangana kama milango ya duka la Mhindi, na kwa kweli alipendeza. Alipendeza kiasi cha kutisha.

"Umeona? Mlinipa mali ya miezi sita," mama mkwe akasema. "Imeisha, nikaongeza."

Nikasimama pale nikitafuta pa kumshika. Kioo si paji. Mtoto hakuchekwa na mtu. Doa limekaa linapoonekana, na binamu zake hawana la kumwimbia. Hilo lingewezekana tangu ile Jumanne ya choroko, bila kichupa kwenye pochi yangu, bila mimi kuonyesha pengo langu kwa darasa zima.

"Mama," nikamuuliza, "hili la kioo ulilijua tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nangoja ulitaje," akasema. "Ulifika mpaka unyayoni, nikajua hutalifikia."

Akaenda zake kuchambua mchele. Binti yangu akabaki chini ya ukuta, akinyoosha kidole, anahesabu picha. Kumi na mbili. Akarudi mwanzo, akahesabu tena.